Simiti Tuliyoizika Makadara

Mwanangu Mwende,

Salamu tulishapeana asubuhi, na hata sasa nakusikia hapo nje kwenye kamba ukianua nguo na kubishana na babako kuhusu sanduku, kwamba halitafunga. Inachekesha kumwandikia mtu ambaye ningemwita tu kwa sauti akaja. Lakini nimekuita tangu Alhamisi, na kila ukija naishia kukuuliza kama umekula. Kwa hivyo nimeketi kitandani, nimefunga mlango, nimechukua daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki, na nitaandika mpaka nimalize. Babako nimemwambia kichwa kinaniuma. Ni uongo, na tumetoka kanisani hata saa tatu hazijapita.

Usitarajie orodha. Blanketi unayo, sufuria umefungiwa na shangazi yako, na mambo ya kupanga simiti juu ya mbao, kutandika turubai chini ya mchanga na kutumia kwanza mifuko iliyotangulia kufika, hayo ulifundishwa chuoni na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Unayajua kuliko mimi. Mimi stoo niliingia na kalamu moja na hasira nyingi.

Ninachoandika kinatokana na maneno yako ya Alhamisi. Ulikuwa unakunja shati lako jekundu, ukasema, "Mum, hao mafundi watanitambua. Mimi nitafanya tu vile wewe ulikuwa unafanya. Mfuko tupu kwa mfuko mpya. Hakuna kitu itapotea kwangu." Ukacheka. Babako naye akasema huko Lodwar wamepata Mama Stoo wa pili, kwa lile jina langu la mjengoni. Mimi nikacheka pia, kisha nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Mwende, unaenda kutunza vifaa vya ujenzi wa zahanati mahali ambapo lori la simiti linasafiri siku mbili kufika. Hapa mtaani Maringo simiti ikikuishia unatuma mtu madukani Jogoo Road na kabla chai haijapoa amerudi. Huko ikiisha, imeisha. Ile wodi ya kina mama uliyonionyesha kwenye mchoro itabaki kuta bila paa, na wanawake wataendelea kujifungulia mbali. Umekabidhiwa kitu kikubwa. Ndiyo sababu siwezi kukuacha uondoke na uongo wangu ukidhani ni mbinu ya kazi.

Nilianza mjengo nikibeba maji. Hilo unalijua, kwa sababu kila ulipokataa kuosha vyombo nilikukumbusha. Baadaye, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mkubwa wetu akaniweka kwenye stoo ya ile nyumba ya ghorofa nne kule Makadara. Wewe ulikuwa darasa la tano. Ukimtoa mama aliyetuuzia githeri langoni, mwanamke nilikuwa peke yangu kati ya wanaume arobaini, na niliogopa. Sijawahi kukuambia hivyo. Niliogopa kwamba nikicheka nao siku moja, wataibeba stoo yote mchana nami nikitazama. Basi nikaamua kwamba hawataona meno yangu.

Sheria yangu ilikuwa hivi. Asubuhi kila fundi alisema anataka mifuko mingapi ya simiti, nami naandika. Jioni kabla ya kuondoka, alitakiwa kuniletea ile mifuko ikiwa mitupu, yote, niihesabu. Mfuko ukirudi nusu, kwangu ilimaanisha alichukua zaidi ya kazi yake. Kesho yake, wakati wa kuitwa majina, nilimtaja mbele ya wote. "Fulani na watu wake hawajui kukadiria." Kundi lililotajwa mara mbili kwa wiki moja lilibebeshwa mawe siku nzima, fundi na wasaidizi wake pamoja, hata awe na vyeti vingapi.

Ukiniuliza, nilidhani ninazuia ubadhirifu. Nilikuwa nimeona mijengo mingine ambapo mifuko iliyofunguliwa iliachwa nje mvua ikanyesha, ikageuka mawe. Nikasema kwangu haitatokea. Na kweli haikutokea, mwanangu. Jioni mifuko ilirudi mitupu, imekunjwa vizuri, mingine imekung'utwa hata vumbi halimo. Nilikuwa nikiifunga kumi kumi kwa kamba na kuipanga ukutani, na mkubwa alipoleta wageni aliwapitisha hapo makusudi wajionee. "Huyu mama," aliwaambia, "kwake hata kijiko cha simiti hakipotei." Nilikuwa nafika nyumbani nimejaa kiburi mpaka babako alikuwa akiniuliza kama nimeongezewa mshahara.

Kisha mhandisi akaja na mchoro wake. Alikuwa kijana mpole, anaongea kama mtu anayeomba msamaha. Akaniambia, "Mama, hii mifuko yote mmefungua, plasta ingekuwa imefika ghorofa ya nne. Na bado tuko ya tatu. Simiti inaenda wapi?"

Nilihisi uso unawaka. Mifuko ilikuwa mitupu, niliihesabu mwenyewe. Ikiwa simiti imetoka kwenye mfuko na ukutani haipo, basi kuna mtu anaimimina kwenye kitu kingine na kuondoka nayo. Sikuwaza kingine chochote. Nikaanza kutafuta mwizi.

Sasa ndipo anapoingia Baba Shiru.

Unamkumbuka. Njoroge, fundi wa plasta, mlango wa tatu kutoka kwetu. Mkewe ndiye aliyekuwa akikusuka, na Shiru ndiye mliyekuwa mkigawana kila kitu mpaka viatu. Tulikuwa tukitoka pamoja asubuhi, yeye na mimi, tunatembea hadi Makadara tukizungumza habari za watoto. Jumamosi moja nilipita mbele ya nyumba yao nikaona ngazi ya mlangoni, ile iliyokuwa imemeguka na kuwaangusha ninyi kila mara, imezibwa kwa simiti mpya. Imelainishwa vizuri kabisa, kazi ya mkono wake. Nilisimama nikaitazama ile ngazi. Sikumuuliza. Ningekuwa nimeuliza hapo hapo, mbele ya mkewe, na chai ningepewa, nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Jumatatu yake nikamtaja kwenye majina. Nilisema mbele ya watu wote arobaini kwamba simiti ya mjengo imeonekana kwenye nyumba ya mtu, na mtu huyo anasimama hapa akitutazama. Kisha nikasema jina.

Alichojibu nakumbuka mpaka leo. "Mama Mwende, simiti ya mfuko sijachukua. Ile niliziba ngazi nayo ni ile imeanguka chini tukipiga plasta. Niliikwangua kwa sakafu nikatia kwa mkebe wa rangi. Ingetupwa tu hiyo." Kisha akaongeza, "Na ngazi yenyewe si hata Mwende wako ameanguka hapo?"

Nikamwambia asiniletee mambo ya mtoto wangu kazini, na asirudi tena kwenye mjengo ule.

Akawageukia wenzake. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, nao wote wakatazama viatu vyao. Mimi nilidhani wanaona aibu kwa niaba yake. Akachukua mwiko wake na ubao wake, akavua kofia ya mjengo, akaniwekea mikononi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaondoka.

Habari za mjengo zinakimbia. Kabla ya wiki kuisha kila msimamizi wa upande huu wa mji alikuwa amesikia kwamba Njoroge ni mwizi wa simiti. Alienda mjengo mmoja baada ya mwingine, na kila langoni aliambiwa nafasi zimejaa. Mwezi wa pili baada ya hapo wakafunga vyombo wakahamia mtaa wa Lucky Summer. Wewe ulilia siku mbili, ukakataa kusukwa na mtu mwingine, ukaenda shule nywele zimesimama. Uliniuliza kwa nini wamehama, nikakuambia wamepata nyumba kubwa zaidi. Ukafurahi kwa ajili ya Shiru. Ulifurahi kweli, ukachora nyumba yenye vyumba vingi ukaniomba nimpelekee. Mchoro huo sikuupeleka. Nisamehe kwa huo pia.

Ilipita kama miezi mitano. Nyumba ilikuwa imekwisha kuezekwa, wakaja mafundi wa mabomba kuchimba mtaro wa maji machafu upande wa nyuma, pale tulipokuwa tumejaza udongo kuzunguka msingi. Nilikuwa kwenye stoo nikasikia sururu zinalia kama zinapiga reli. Nikasikia mmoja akisema, "Hapa kuna nini, mlizika nyumba?" Nikatoka kutazama.

Chini ya udongo, kiasi cha mkono mmoja kwenda chini, kulikuwa na mabonge ya simiti. Hayakuwa zege, hayakuwa na kokoto wala mchanga. Ilikuwa simiti tupu, iliyomwagwa kavu, ikafunikwa, ikanywa maji ya mvua ikaganda. Walipanua shimo, wakakuta jingine, na jingine. Kila bonge lilikuwa nusu mfuko au robo. Kwenye moja kulikuwa na kipande cha karatasi ya mfuko, bado kina maandishi.

Nilielewa nikiwa nimesimama pale. Hakuna aliyenieleza, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Fundi ambaye jioni amebakiwa na nusu mfuko, na anajua kesho atatajwa mbele ya watu kama mtoto, atafanya nini? Atazunguka nyuma, atamwaga, atafunika kwa sepeto mbili za udongo, kisha ataniletea mfuko mtupu uliokunjwa vizuri. Nami nitaufunga kwa kamba niupange ukutani. Wanaume arobaini walikuwa wakitupa simiti nzuri kila jioni ili mimi nione kwamba hakuna kinachotupwa. Na yule mmoja aliyeona uchungu wa kilichoanguka sakafuni, akainama akakikwangua, ndiye niliyemfukuza.

Mkubwa alikuja akatazama shimo. Sidhani hata alielewa. Akasema, "Pitisheni mtaro kando, mfunike hiyo." Ilichukua siku mbili kuvunja mabonge ya kutosha bomba kupita. Mafundi wa zamani waliokuwa bado pale walifanya kazi kimya, na mimi nilirudi stoo nikafunga mlango. Nililia, Mwende. Halafu nikanawa uso nikatoka kuhesabu rangi.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na usidhani ni lile la kumfukuza. Kumfukuza nilikosea bila kujua. Kunyamaza nilinyamaza nikijua. Lucky Summer si mbali. Ningeenda jioni ile ile. Badala yake nilianza kujiambia kwamba pengine ameshapata kazi nzuri, pengine ameshasahau, pengine nikienda nitamkumbusha uchungu. Nilikuwa hodari wa kutafuta sababu. Ukweli ni kwamba jina la Mama Stoo lilikuwa limeshaenea, na mkubwa mwingine alikuwa ameniita kwenye mjengo wake kwa sababu ya jina hilo. Nililipenda. Sikutaka mtu alichimbe.

Kwenye mjengo huo wa pili nilibadilika, ila sikumwambia mtu kwa nini. Siku ya kwanza niliweka pipa mlangoni mwa stoo, nikasema anayebakiwa na simiti kavu aje aimwage humo, hataulizwa kitu, na kesho anayehitaji kidogo atachota humo kwanza. Wiki nzima pipa lilikaa tupu. Walidhani ni mtego. Walinitazama mimi, wakalitazama pipa, wakapita mbali. Kisha Jumamosi moja mzee mmoja wa kujenga mawe akaja na robo mfuko, akamwaga akinikodolea macho kama anayemlisha mbwa mkali. Nikamwambia asante. Jumatatu walikuja watatu.

Nikaanza pia kukaa nao kwenye chai ya saa nne, hata kama sikuwa na la kusema. Unajua mimi sijui kukaa bure. Lakini hapo ndipo niliposikia kwamba mawe yanavunjika kwa sababu lori linayamwaga badala ya kupakuliwa kwa mkono, na kwamba vipimo vya chumba kimoja vingeongezwa kidogo tu, kila jiwe la mwisho la mstari lisingehitaji kukatwa. Mambo hayo walikuwa wakiyajua siku zote. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Na kuna siku ya Musyoka. Huyu alikuwa fundi wa vyuma, mtu wa kwetu Machakos, mkimya. Asubuhi moja alinijia akiwa amesawijika, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mama, nimeharibu," akasema. "Nimesoma kipimo vibaya. Nimekata vyuma vya nguzo vifupi. Nimekata thelathini na sita ndio nikashtuka."

Nilisikia yule Mama Stoo wa zamani akipanda kooni. Nakuambia alipanda. Nilishika meza. Kisha nikamuuliza kama amemwambia mtu mwingine, akasema hapana, nimekuja kwako kwanza. Aliponiambia hivyo hasira yote iliisha, nikabaki na kitu ambacho sijui nikiite nini, labda furaha. Tuliketi juu ya mawe na mchoro wa mhandisi, tukapekua, tukaona vile vyuma vinatosha kwa mihimili ya juu ya milango na madirisha, ambayo ilikuwa haijakatwa bado. Mhandisi akakubali. Hakuna chuma hata kimoja kilichopotea. Kwenye ule mjengo wa kwanza, Musyoka angevifukia chini ya mchanga, angekata vingine thelathini na sita, na mimi ningeandika kwamba siku ilikuwa njema.

Sikuandikii haya ili uone nilivyokuwa mwema baadaye. Nakuandikia kwa sababu una ulimi wangu. Usikasirike. Unakumbuka mdogo wako Ndinda alipovunja kikokotoo chako? Tulikikuta kwenye ndoo ya unga, tukisonga ugali. Alikificha humo wiki mbili, maskini, kila siku akichota unga kwa uangalifu, kwa sababu alijua ukijua utamwambia maneno ambayo hatayasahau. Ulipokipata ulimwambia hayo maneno vilevile. Nilikusikia nikiwa kwenye mlango, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ya kule Makadara. Ningekuvuta kando siku hiyo. Badala yake nilimcheka Ndinda kwa habari ya unga.

Huko unakoenda utakuwa msichana kati ya wanaume, kama mimi. Utaogopa, na hakuna ubaya. Watakujaribu, na lazima uwe imara, sikuambii uwe laini. Ukiona mtu anabeba kitu nje ya lango, msimamishe, hata awe na ndevu kiasi gani. Lakini uliza kabla hujataja jina la mtu. Uliza ukiwa naye peke yake. Na ukiona kila kitu kinakuja kwako kisafi, kimekunjwa, hakuna aliyekosea wala kubakisha chochote wiki nzima, usifurahi. Inuka ukazunguke nyuma ya nyumba.

Sasa nikuambie la jana, kwa maana ndilo lililonifanya nifunge mlango huu.

Jana niliposema naenda kununua nyama soko la Burma, nyama niliinunua kweli, kilo mbili, lakini sikuileta nyumbani. Ndiyo maana mlikula maharagwe na mimi nikajifanya nimesahau. Nilienda Lucky Summer. Nilikuwa nimeelekezwa nyumba yao na mama mmoja wa kwaya. Nilimkuta Baba Shiru nje, anaziba ufa kwenye ukuta wa jirani. Hiyo ndiyo kazi yake sasa, kazi za viraka, leo hapa kesho pale. Kichwa chote kimekuwa cheupe. Mkono wake bado unatelezesha mwiko vile vile.

Alinitambua kabla sijamsalimia. "Karibu Mama Mwende," akasema, hakushangaa hata kidogo. Mama Shiru akanikaribisha kiti, akapokea nyama, akaniuliza habari zako. Shiru ameolewa, ana mtoto wa kiume. Nilishindwa kunywa chai. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mtaro, mabonge, karatasi ya mfuko. Nikamwambia nilijua tangu siku ile, miaka yote hii.

Akafuta mwiko kwenye suruali. "Hayo ya kuzika mimi nilijua," akasema. "Hata mimi nilimwaga mara mbili. We ulikuwa unatisha, mama."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile, mbele ya wote. Angejiokoa.

"Ningesema, ungefukuza watu kumi na tano hiyo asubuhi. Na watoto wao. Nikaona wacha niende tu mimi. Nilijua mimi ni fundi, nitapata kazi." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Hapo ndio nilikosea."

Niliomba msamaha. Nilipiga magoti, Mwende, mimi ambaye unasema magoti yangu yanauma hata kanisani. Mama Shiru aliniinua. Yeye alikubali, akasema amenisamehe, akasema Mungu anajua. Njoroge aliulaza mwiko wake chini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya kitu:

"Nashukuru umekuja. Lakini we ulinifukuza mbele ya watu arobaini. Leo umekuja peke yako."

Nikawaaga. Nilitembea mpaka barabarani nikasimama hapo kitambo kirefu, watu wakinipita. Niliona kwamba hata msamaha wangu niliuleta kwa siri, nikautoa mahali pasipo na mtu, nikafunika. Miaka yote hii sijabadilika sana kama nilivyodhani.

Kwa hivyo nimeamua, na sikuombi ruhusa, wala babako sijamwambia bado. Wengi wa wale mafundi wa zamani bado wako kazini. Kumi na wawili nimewahesabu kwa majina, na wanane kati yao wako kwenye mjengo mmoja kule kule Makadara, nyuma ya mahakama. Msimamizi wao ni yule mhandisi mpole, sasa ana kitambi. Nimempigia simu leo baada ya ibada. Nimemwambia nataka dakika tano za chai ya saa nne kesho. Akaniuliza za nini, nikamwambia atasikia pamoja na wengine. Njoroge pia nimempigia. Nimemwambia aje asimame popote anapotaka, au asije kabisa, lakini nitasema hata kama hayupo. Akasema ataangalia kama ana kazi kesho. Sijui kama atakuja.

Nitasema jina lake kwa sauti ile ile niliyolisema nayo. Nitasema hakuiba. Nitasema mimi ndiye niliyeizikisha simiti ile, kila mfuko, ingawa sikushika sepeto. Na nitamwomba mhandisi, mbele yao, ampe Njoroge kazi ya plasta kwenye ule mjengo, kwa sababu hakuna mkono bora zaidi upande huu wa mji na yeye anajua. Akikataa nitaenda kwenye mjengo mwingine Jumanne, na mwingine Jumatano. Jina liliharibika kwenye malango, nitalirudisha lango kwa lango. Miguu ninayo.

Naogopa sana. Naogopa kuliko siku niliyokabidhiwa stoo. Watacheka, wengine watapiga picha na simu zao, unajua watu wa siku hizi. Hata hivyo naenda.

Barua hii nitakupa leo kabla hatujala, na nitaketi hapo mezani ukisoma. Usinitazame mpaka umalize. Ukiwa na hasira kwa sababu ya Shiru, kasirika, una haki, na namba yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe, mimi sina uso.

Kesho saa nne utakuwa umepita Nakuru. Mtu akikupigia simu kukuambia mama yako anajiaibisha mbele ya mafundi kule Makadara, mwambie ndiyo, unajua, na kwamba alikuambia wewe kwanza.

Mama yako